Zamu ya Kuzeeka

Kijana wa sensa alikosea kama wanavyokosea wote. Aliingia uani asubuhi, kifaa chake cha kupimia watu kikining'inia kifuani, akamkuta mwanamke mmoja mnene kidogo, mwenye mvi za kuhesabika na mikono ya kulima, akimwogesha ajuza kwenye beseni. Akageuza uso kwa heshima. Alisubiri ajuza afunikwe khanga, akamwamkia yeye kwanza, shikamoo bibi, halafu akamgeukia yule mwogeshaji na kumwuliza kama mama yake ameshakunywa dawa za moyo.

"Huyu nimemzaa mimi," mama akamjibu, akaendelea kunisugua mgongo.

Ajuza ni mimi. Naitwa Nakiete, nina miaka themanini na mmoja. Mama yangu, Naghenjwa, ana miaka mia na miwili, na magoti yake hayajawahi kulia.

Yule kijana alitazama kifaa, akatazama uso wa mama, akaanza kutuomba radhi sote wawili kwa mkupuo mmoja. Mama alimwambia asijisumbue, akamkaribisha uji. Alipokwisha kuondoka nilicheka mpaka kifua kikanibana. Mama hakucheka. Alinibeba hadi kitandani kama anavyobeba mzigo wa majani ya ng'ombe, akanilaza kwa ubavu, akaketi ukingoni na kuanza kunipaka mafuta miguuni. Hapo ndipo aliponiambia kwamba kwenye msaragambo wa Jumamosi, siku ya kazi ya kijiji, atasimama mbele ya kijiji kizima aiache nafasi yake ya mtungi, na kwamba ataniachia mimi.

Niliuvuta mguu wangu. Au nilidhani nimeuvuta. Siku hizi mguu unasikia amri na kuitafakari kwanza.

Nataka nieleze mambo yalivyo hapa Kwamrefu, kwa kuwa watu wa mabondeni wamesimuliwa upuuzi mwingi juu yetu. Sisi watu wa milima ya Upare tuna ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono, likakandikwa udongo. Kijito hulijaza usiku kucha, na alfajiri mkuu wa ndiva hufungua mlango, maji yakateremka mferejini. Shamba la juu hunywa kwanza, linafuata lililo chini yake, hivyo hivyo mpaka la mwisho. Watani wetu husema Mpare anapenda kesi kuliko makande, lakini kwa maji ya ndiva sijaona kesi maishani mwangu. Mtu agombee nini, na usiku bwawa linajaa tena?

Ndani ya tope la ndiva yetu watafiti wa kampuni moja waligundua kidudu kisichoonekana kwa macho. Mimi niliishia darasa la saba. Habari za kidudu hicho nilizisoma kwenye makaratasi waliyokuwa wakiyatupa nyuma ya mahema yao, na kwa kuwauliza maswali mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanakata kona. Nilichoelewa ni hiki. Kila seli ya mwili ina nyuzi zenye maelekezo ya kazi yake, na kila inapojigawa ncha za nyuzi hizo hufumuka kidogo, kama kamba ya katani isiyopigwa fundo. Zikifumuka sana, seli haijigawi tena. Hilo ni jambo moja. La pili lilinikera tangu siku niliyolisoma, na linanikera hadi leo. Seli iliyochoka mara nyingi haifi. Hukaa palepale. Haifanyi kazi, haipishi wengine, na hutema majimaji yanayowachokoza majirani mpaka nao wachoke kabla ya wakati wao. Mwili wa kijana una walinzi wa kuziondoa hizo. Mwili wa mzee umejaa wakaaji wa namna hiyo mpaka walinzi wameshindwa.

Maji ya mtungi, yaani yale yanayochachushwa kwa kidudu chetu, huziondoa seli hizo na kupiga fundo ncha za zilizobaki. Unakunywa mara moja kwa mwaka. Hayakurudishi nyuma hata kidogo. Yanakushikilia pale yalipokukuta. Na ukiacha, walinzi wako mwenyewe, waliokaa bure miaka yote hiyo wakifanyiwa kazi na wengine, hawaamki. Umri wote ulioahirishwa unaingia kwa msimu mmoja.

Kampuni ilitaka kuondoka na tope. Tulilala mbele ya mitambo yao mwezi mzima, wanawake mbele, mimi nikiwa na kipaza sauti kilichokufa betri na koo lililokufa zaidi yake. Tukashinda. Mtungi ukabaki kwenye zahanati ya kijiji, mali yetu wenyewe, hauuzwi wala haukopeshwi. Lakini tope ni la ndiva moja, na mtungi unatosha watu sitini tu. Kijiji kikakaa kuamua nani anywe, na kwa furaha ile ya ushindi mtu akasema, tuna haja gani ya kusumbuka, si tuna sheria ya ndiva? Juu kwanza. Wazee kwanza.

Nani angebisha? Unampakuliaje mtoto kabla ya babu yake? Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilisimama nikasema kwamba bwawa hili halijai usiku. Anayekunywa leo atakunywa na mwakani na mwaka wa baadaye, kwa hiyo maji hayatateremka kamwe. Tuanzie chini, au basi tupige kura. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aligeuka, akaniangalia kwa upole wote wa dunia.

"Keti, mwanangu," akasema. "Zamu yako itafika."

Watu wakacheka kwa mapenzi. Tuliishinda kampuni, tukashindwa na adabu zetu.

Haikufika, bila shaka. Mama alizaa watano na wanne tumeshawazika. Mwanangu wa pekee, Ombeni, alikufa kwa figo akiwa na miaka hamsini na sita, akisubiri. Nyuma ya jeneza lake mimi nilitembea nikishikiliwa na watu wawili, na bibi yake alitembea mbele yangu, wima, peke yake, kwa hatua za mwanamke anayewahi shamba. Siku ile sikumwamkia. Nadhani ndiyo siku pekee.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba ananiachia nafasi yake, nilimwambia sitaki.

"Nimezika wanne," akasema. "Wa tano siwezi."

"Hutanizika kesho."

"Daktari anasema moyo wako hauvuki masika."

"Na usivuke. Mama, yale maji hayaponyi. Yatanigandisha hapa, na kifua hiki, na kitanda hiki, na beseni hili. Wewe ukishakufa nani ataniogesha? Nikundiwe? Mpaka lini?"

Aliendelea kunipaka mafuta, akisukuma dole gumba kwenye unyayo kama alivyonifanyia nilipokuwa mtoto wa kuchomwa miiba. Nikafikiri mazungumzo yamekwisha.

"Kila mwaka nilikwenda zahanati nimeshaamua kusema hapana," akasema, bila kuinua uso. "Njia nzima nimeamua. Nikifika mlangoni naona kikombe, nakunywa. Niliogopa, Nakiete. Nikajiambia mwaka ujao."

Neno hilo nililingoja zaidi ya miaka arobaini. Nilikuwa nimeandaa la kumjibu, nimelinoa, nimelirudia kila nilipomwaga udongo juu ya mtu wangu. Lilipofika nilikuta sina hamu nalo. Nilimwona tu mwanamke aliyeogopa kufa, kama ninavyoogopa mimi, na kikombe kilikuwa mkononi mwake badala ya mkononi mwangu.

Jioni mjukuu wangu Nikundiwe alikuja na bakuli la makande yaliyopondwa. Ni binti wa Ombeni, ana miaka thelathini na mmoja, na ndiye mtunza mtungi pale zahanati: huukoroga, huupima joto, huwamiminia wazee, na yeye mwenyewe hajawahi kuramba hata kijiko.

"Mke mwenzangu, umekula au umegoma?" akauliza. Ndivyo tunavyoitana, mimi na yeye, tangu alipojua kusema.

Nikamwambia nimegoma, lakini kwa makande yake naweza kufikiria mapatano. Alinilisha. Alikwisha kusikia habari ya mama. Kijiji chetu hakina ukuta. Nilitaka kumwuliza swali moja, nikalizunguka, nikazungumza habari za ng'ombe na za yule kijana wa sensa, mwishowe nikamwuliza. Ikitokea nafasi ile ikamwangukia yeye, ataichukua?

Aliweka kijiko chini. "Usiniulize hivyo, bibi. Ukiniuliza wewe, nitasema ndiyo kwa sababu ni wewe."

Alikuwa ameligusa donda lenyewe. Mambo yote ya Kwamrefu yaliharibika kwa watu kusema ndiyo kwa sababu ya aliyeuliza. Sikulirudia swali. Na sikumwambia nilichokuwa nakumbuka kuhusu maji ya ndiva ambayo mwenye zamu aliitwa asiitike, ingawa usingizi wangu siku zile ulikuwa umejaa jambo hilo tu.

Jumamosi pembe ililia, na kijiji kikakusanyika ukingoni mwa ndiva. Nilipelekwa kwa kigari cha zahanati, Nikundiwe akikiendesha taratibu na mama akitembea kando, mkono wake juu ya blanketi langu. Mstari wa mbele waliketi wale sitini, nyuso zilezile kwa zaidi ya miaka arobaini. Nyuma yao walikaa watoto wao, wenye mikongojo na vikohozi, na nyuma zaidi wajukuu. Mgeni angedhani amekuta kijiji kimeketi kinyumenyume.

Mkuu wa ndiva ni Mzee Mbonea. Amevuka mia na ishirini, uso ni wa sabini na kitu, na hakuna kiti cha mwenyekiti hapa kijijini ambacho hajakikalia na kukiacha na shimo. Aligawa kazi za siku, nani ataondoa tope, nani atafyeka mfereji, kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akasimama.

"Mimi Naghenjwa nimekunywa vya kutosha," akasema. "Naacha maji. Namwachia mwanangu Nakiete."

Hakuna aliyewahi kusema maneno hayo. Mzee Mbonea alimwomba ayarudie. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba na arudie kwa nguvu, maana huku nyuma ndiko kwa viziwi, mbele wana masikio mapya. Watu wakacheka, hata baadhi ya wale sitini. Mama akarudia. Likishatoka kinywani mara mbili halirudi, ndiyo sheria. Nilitazama mikono yake ikitafuta kitu cha kushika na isikione.

Kwa maji ya ndiva, mwenye zamu huitwa kwa pembe na kwa jina, mara tatu. Akiitika, maji ni yake. Nafasi ya mtungi inapokelewa vivyo hivyo.

Pembe ikalia. "Nakiete," Mzee Mbonea akaita.

Niliyafunga meno. Mtu akasema nimelala. Mwingine akasema labda nimekwenda, mtazameni vizuri, na Nikundiwe akamtupia jicho likamkalisha.

Pembe ikalia tena. "Nakiete." Nilipokaa kimya, Mzee Mbonea alikunja uso akasema, kwa sauti ya kuusia, kwamba mtoto akiitwa na mzazi wake huitika. Mtoto. Mimi niliyekuwa nimevaa nepi.

Mara ya tatu mama aliinua mkono kuzuia pembe. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye kigari, akachuchumaa bila kushika kitu, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nakiete," akaniita. Hakuniita kama mkuu wa ndiva. Aliniita kama ninavyoitwa nyumbani.

Nitasema ukweli: mdomo ulitaka. Mdomo una adabu zake, na ungeweza kuitika huku mimi nimelala. Nikamshika mkono, ule mkono mnene wenye nguvu ulionifulia na kunibeba, nikauona umelowa jasho.

"Nimekusikia, mama," nikasema. "Siitiki."

Hakulia mbele ya watu. Alibaki amechuchumaa hivyo hivyo, akitikisa kichwa kidogo kidogo, na nilijua nimemnyima kitu pekee alichokuwa nacho cha kutoa, tena baada ya kuchelewa kukitoa miaka yote ile. Huko mbele zogo lilikuwa limeanza. Mzee Mbonea alipiga fimbo chini na kutangaza kwamba, kwa kuwa mwenye kuitwa hakuitika, nafasi inarudi kwa baraza, na baraza litajua la kufanya. Wote tulijua la kufanya lingekuwa nini. Mzee Mbonea ana shemeji anayeingoja.

Niliomba kusema. Sauti yangu haifiki mbali, ikabidi Nikundiwe awe anarudia sentensi baada ya sentensi, na sikuwa nimempanga. Nilisema kwamba nilipokuwa binti mdogo nilikuwa nikimbebea babu jembe mpaka hapa, na niliona mara moja, mwaka wa mafua makali, mtu akiitwa mara tatu asiitike. Maji yake hayakurudishwa bwawani, wala hayakupewa shamba la juu. Yaliachiwa yateremke hadi shamba la chini kabisa la nyumba yake. Na kwa nyumba ya Naghenjwa, shamba la chini kabisa ni Nikundiwe.

Nikundiwe alikuwa anarudia. Alifika kwenye jina lake akasita.

"Sikumbuki jambo hilo," Mzee Mbonea akasema.

"Unakumbuka, baba," nikasema. "Nywele zako zilikuwa bado nyeusi. Ndiwe uliyefungua mlango."

Aligeuka akautazama mlango wa bwawa. Nimempinga mtu huyu maisha yangu yote, nimemtungia majina, na sikutegemea kheri kutoka kwake. Lakini alikuwapo, na hilo ndilo tulilokuwa nalo wawili peke yetu pale ukingoni: mwaka wa mafua, na maji yakipita mashamba makavu bila kuguswa.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema hatimaye, na akaonekana mzee.

Pembe ililia kwa ajili ya Nikundiwe. Hakunitazama. Alitazama maji ya bwawa, mikono ameishika nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Ikalia mara ya pili. Wa nyuma walianza kumnong'oneza aitike, aitike, anangoja nini, nami nikatamani wanyamaze, nikatamani mimi mwenyewe nisiwepo pale, ili jibu liwe lake.

"Abee," akasema, baada ya pembe ya tatu.

Watu wa nyuma walipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Sikujua kama nimempa kitu au nimemtwisha, na sijui hadi leo. Njiani kurudi alikiendesha kigari kimya mpaka tulipofika kwenye mteremko, akakisimamisha.

"Mke mwenzangu, nitakunywa mpaka nione wa chini yangu amekua," akasema. "Nikianza kusema mwaka ujao, uje unitoe kitini."

"Nitatokea wapi, nami niko kaburini?"

"Njoo hivyo hivyo."

Mama alikuwa mbele yetu, anatembea haraka, kama kawaida yake. Hakugeuka.

Masika yaliingia na mimi bado ninapumua, kwa ubishi tu. Kwa mama yaliingia na miaka yote. Kwanza kucha zilibadilika rangi. Kisha mvi, kichwa kizima, kwa wiki chache. Akaanza kuweka vitu na kuvisahau, na kukasirika kwamba tumeviiba. Nilikuwa nimesoma kwamba ingekuwa hivyo, niliweza kukueleza seli kwa seli kinachotokea ndani yake, na kujua kote huko hakukunisaidia kitu siku niliyosikia kishindo upande wa pili wa chumba, mvua ikipiga bati.

Alikuwa ameanguka kando ya kitanda chake. Alikuwa ameinuka kama anavyoinuka siku zote, kwa kurusha magoti, magoti hayakuwepo. Nikundiwe alikuwa zahanati. Ilinichukua muda kuteremka kitandani na kujikokota mpaka pale, nikaketi sakafuni karibu naye, wazee wawili tukiwa tumeegemea kitanda kimoja. Hakuwa ameumia. Alikuwa na hasira, na nyuma ya hasira alikuwa na hofu.

"Haiinuki," akaniambia, akiipiga miguu. "Naiambia inuka, haiinuki."

"Usianze na goti, mama. Goti ni la mwisho. Anza na mkono. Shika ukingo, hapo. Sasa usifanye kitu. Vuta pumzi, ungoje mpaka kichwa kitulie."

Alishika. Alingoja. Alikuwa mwanafunzi msikivu, mama yangu, na shingo yake ilikuwa imekonda kiasi kwamba niliona mshipa ukipiga. Mambo haya ndiyo niliyopaswa kujifunza kwake, nikimtazama mwaka baada ya mwaka anavyoketi, anavyoinuka, anavyokosea, ili yakinifika niwe nimeshayaona. Niliyafikia peke yangu, gizani, bila mtu wa kutangulia.

"Wewe nani alikufundisha?" akauliza.

Hasira ya miaka arobaini iliinuka, ikanikuta sina pumzi ya kuisema.

"Nilianguka sana," nikamwambia.

Alinigeukia. Nilimwona akitafuta zile siku, moja moja, na akizikuta.

"Na mimi nilikuwa naona," akasema. "Nilikuwa nakuinua, nafikiri yamekwisha."

Mvua ilizidi. Aliegemeza kichwa begani mwangu, na kilikuwa chepesi. Nilikiacha hapo mpaka bega likaanza kuniuma, kisha nikausogeza mkono wake, nikauweka tena juu ya ukingo wa kitanda na kuufunika kwa wangu.

"Haya, mama," nikasema. "Tujaribu pamoja. Mkono kwanza."